"Rudia mara 6": jinsi nilivyotatua maelekezo ya shali ya pembetatu

Maelekezo yalisema: anza na vitanzi 9, fuma safu ya 1 na ya 2, kisha "rudia mara 6" upate vitanzi 37. Je, ile mara ya kwanza imo ndani ya 6 au haimo?

Jibu limo kwenye 37. Safu ya 1 huongeza vitanzi 4: fuma 3, zungusha uzi juu ya sindano, fuma hadi kitanzi cha kati, zungusha, fuma cha kati, zungusha, fuma hadi vibaki 3, zungusha, fuma 3. Safu ya 2 haiongezi kitu. 37 toa 9 ni 28. Gawa kwa 4 unapata 7. Basi ni mara moja, halafu 6 zaidi: safu 14. Ukiishia safu ya 12 una 33, na mchoro wa maua unaofuata kwenye maelekezo hautakaa sawa.

Alama ya kuonyesha kitanzi cha kati ndiyo inayosumbua zaidi. Ukiiweka kwenye sindano kando ya kitanzi cha kati, uzi uliozungushwa huiruka na uti wa shali, yaani mstari wake wa katikati, unahama. Nilifunga kwenye kitanzi chenyewe kipande cha nailoni ya kushonea nyavu, hii ya wavuvi wetu wa Mwanza; inateleza vizuri, haiachi manyoya kwenye sufi. Ipandishe kila baada ya safu chache.

Kila safu ya 2 ikiisha, toa vitanzi 3 vya kila ukingo, hesabu hadi cha kati: 3 kila upande, kisha 5, 7, mpaka 15. Pande zikitofautiana, fumua safu hizo mbili tu.