Mizani ya nane iliyonipotea
Wiki nzima nimekesha na Utendi wa Mwana Kupona, shairi refu ambalo mshairi huyo alilitunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa ili kumuusia bintiye, kwa sababu ninaandika insha ya kozi ya ushairi. Kila kipande cha ubeti kina mizani 8, yaani silabi 8, lakini mimi, niliyekuwa nikihesabu kwa vidole ndani ya daladala huku kondakta akinidai nauli, nilipata 7 mara tatu, nikadhani nakala yangu imekosewa. Kumbe kosa lilikuwa langu: “m” ya “mtu” ni silabi kamili, nami nilikuwa nikiimeza. Nimefuta ukurasa mzima. Kuhusu mawaidha yake juu ya mume bado ninabishana naye, ila Kiamu chake, lahaja ya Lamu, chenye “ndia” badala ya “njia”, kimenikaa ulimini.