Katoni Mbili za Zabibu

Boksi la mama limefika jana kwa basi kutoka Dodoma. Zabibu, karanga, ubuyu kidogo. Ubavuni kaandika kwa makapeni, kama kawaida yake: KILO 4 NA ROBO.

Nunu akalisoma kwa sauti, halafu akauliza, "Bibi anauza?"

"Hauzi. Anatupa tu."

"Sasa mbona anapima?"

Nikamwambia akaoshe zabibu. Mtoto akaenda, swali likabaki mezani.

Miaka ya nyuma, ilikuwa mwezi wa tisa, msimu wa pili wa zabibu, na mimi mwanafunzi wa urubani nilikuwa natafuta saa za kuruka. Wanaojua habari hizi wanajua njaa ile: leseni ya rubani wa biashara inataka saa 200 hewani, kila saa ina bei, na bei yangu mimi ilikuwa inatembea kwa miguu minne kwenye zizi la mama. Wawili walikuwa wameshauzwa. Kwenye masharti kuna safari moja ndefu ya peke yako, maili 300 za baharini, ndivyo marubani tunavyopima, na katikati yake utue viwanja viwili tofauti. Wenzangu walikwenda kokote. Mimi nikachora Dar, Morogoro, Dodoma. Mkufunzi alitazama ramani, akanitazama mimi, akacheka. Akasaini.

Nilitua Dodoma asubuhi mapema, hewa bado baridi, Mlima Simba uko wazi kabisa upande mmoja. Kutua kuzuri kuliko kote nilikowahi kutua, na shahidi wangu alikuwa mtu mmoja aliyesimama kwenye uzio na kitenge cha sikukuu. Nilikuwa niondoke saa tatu. Lakini mama alikuwa na chai kwenye chupa, ana maandazi, ana shangazi wawili nyuma wanakuja. Mpaka namaliza shikamoo zote, na mama kamaliza mbukwenyi zake za Kigogo na askari wote wa getini, ni saa saba mchana. Ndipo akatoa katoni. Mbili.

"Za wakufunzi wako," akasema. "Wasije wakasema huna kwenu."

Kilo 18, nilizipima. Nikazifunga kwa mkanda kiti cha nyuma kama abiria. Nilifanya hesabu ya uzito kwenye karatasi, hilo nalisema bila aibu, na hesabu ilikuwa sawa. Ndege yenyewe, Cessna 172, ina viti vinne. Siku ile ilikuwa imebeba mimi, mafuta, na zabibu.

Hesabu ambayo sikuifanya ilikuwa nyingine. Uwanja wa Dodoma uko zaidi ya futi 3,600 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo, hewa ya kawaida ya vitabuni ingekuwa na nyuzi kama 8 hivi. Mchana ule ilikuwa 30. Joto likizidi namna hiyo hewa inakonda, na ndege, ambayo haijui ramani, inajiona iko zaidi ya futi 6,000. Bawa linapata kidogo, propela inapata kidogo, na injini inavuta hewa kidogo huku mafuta yakimiminika yaleyale ya pwani. Ndiyo maana pale kwenye dashibodi kuna kitufe chekundu cha miksicha: uwanja ukiwa juu ya futi 3,000, unakivuta taratibu kabla ya kuruka, unapunguza mafuta mpaka injini izunguke vizuri. Niliijua sheria hiyo. Niliwahi kuijibu kwenye mtihani na kupata. Lakini mkono wangu ulifunzwa Dar, na mkono uliofunzwa Dar unasukuma chekundu mpaka mwisho, kila siku, bila kuuliza.

Nikasukuma mpaka mwisho.

Nakumbuka injini ilikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua. Nakumbuka kinyamkera cha vumbi kinacheza mbali kule, ng'ambo ya uzio, na nikajiambia kitahama. Throto, kitufe cha nguvu ya injini, yote ndani, breki nikaachia. Ndege ikaanza kukimbia, na hapa ndipo mpaka leo nikifumba macho naona vitu viwili vinabishana. Nje, mistari myeupe inapita upesi, majani yanapita upesi, kila kitu kinaniambia tayari, inua. Ndani, mshale wa spidi uko 40. Unapanda kama mzee anapanda ngazi. 43. Nje kunakimbia. 45. Kwenye hewa nyembamba ndivyo ilivyo, ardhi inakwenda mbio kuliko mshale, na wa kuaminiwa ni mshale. Mimi nikaamini macho. Nikavuta usukani.

Ikainuka. Sekunde mbili, labda tatu, tulikuwa hewani mimi na zabibu, tumelalia ule mto wa hewa ulio kati ya bawa na lami. Halafu king'ora cha kuonya kwamba bawa linaishiwa nguvu ya kubeba kikaanza kulia, ule mlio mwembamba kama wa kitoto cha mbuzi, na nikahisi kiti kinaniacha. Sikufikiri kitu chochote cha maana. Nilifikiri: mama anaona.

Nikarudisha throto, pua nikaishusha kidogo, tukagonga chini, tukaruka, tukagonga tena. Bahati lami ilikuwa bado ndefu mbele. Breki. Kimya. Kwenye redio mnara ukauliza kama niko salama, nikajibu kwa sauti ambayo haikuwa yangu.

Fundi alikagua magurudumu na propela, hakukuta kitu. Nikampigia mkufunzi. Hakupayuka. Aliuliza neno moja tu: "Chekundu kilikuwa wapi?" Nikamwambia. Akasema nilale, niondoke alfajiri, na niandike nilichomwambia vilevile kwenye kitabu. Niliandika.

Mama nilimkuta palepale kwenye uzio, vidole vimeshika waya. Shangazi walikuwa wameshakaa chini.

"Ni zabibu, mwanangu?"

Nilikuwa na nafasi nzuri tu ya kusema hapana. Nilikuwa na kiu, magoti yananitetemeka, na nyuma yake niliona ng'ombe wawili ambao hawapo.

"Zilikuwa nzito kidogo, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Alizibeba mwenyewe kurudi nyumbani, katoni moja kichwani, nyingine kwapani, hakukubali nimsaidie. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu niliondoka na chekundu nimekivuta, ndege ikapaa kama kishada. Uzioni hakukuwa na mtu. Anakaa kata hiyohiyo ya Kiwanja cha Ndege, anazisikia zote zinavyopita juu ya bati lake, na toka siku ile hajakanyaga pale. Alinunua mizani.

Sasa nimeshapita saa elfu kadhaa. Nimefundisha wengine. Kila mwanafunzi namwambia habari ya chekundu, na ya mshale na macho, bila kuficha kitu.

Usiku huohuo wa jana mama kapiga simu.

"Boksi limefika?"

"Limefika, mama. Asante."

"Halikuwa zito?"

Nunu alikuwa ananitazama, mdomo umejaa zabibu.

"Hapana, mama," nikasema. "Jepesi tu."