Nilivyomfundisha dogo kuomba kwa kadi (na mimi kujifunza kunyamaza)

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kitengo cha elimu maalumu nilikua naongea peke yangu yaani. Nina watoto saba, mmoja ana usonji, miaka sita, haongei neno hata moja, basi mi nakaa mbele yake "sema uji, u-ji, unataka nini?" asubuhi mpaka kengele inagonga, yeye kaziba masikio. Akitaka kitu anakukamata mkono anakuburuta, usipoelewa anajing'ata, ana sugu mkononi mpaka leo.

Mwenzangu aliyesoma Patandi, kile chuo cha walimu wa elimu maalumu, ndo akanipa habari za PECS, ile ya kubadilishana picha, ilianzia Marekani 1985, ya Bondy na Frost. Mtoto anakupa picha, unampa kitu. Nikaona rahisi. Wapi!

Kwanza picha nilizitoa intaneti, kikombe cha kizungu kinafuka moshi, dogo anaiangalia kama risiti ya luku. Nikapiga kwa simu kikombe chetu chenyewe cha plastiki ya kijani, nikaprinti stesheneri, wakanilaminishia. Ya kwanza akaitafuna. Ya pili pia.

Alafu wanatakiwa watu wazima wawili, hapa ndo wengi tunakosea. Mimi mbele nimeshika ubuyu (uji hana mzuka nao kivile), dada msaidizi wa darasani nyuma yake, kimya. Dogo akinyoosha mkono kufata ubuyu, dada anauelekeza kwenye kadi, anaiokota, inawekwa kiganjani kwangu, hapo hapo natoa ubuyu nasema "ubuyu!" Punje moja tu, akishiba somo limeisha. Hakuna "unataka nini", hakuna "nipe kadi", maana ukimuuliza kila mara atakaa anasubiri kuulizwa na tunachotaka aanze yeye. Kunyamaza kulinishinda wiki nzima, dada alikua ananitolea macho tu kule nyuma.

Baadae dada akaanza kuachia mkono kidogo kidogo, mi nikaanza kukaa mbali, mara mlangoni, mara nimempa mgongo, anifuate na kadi yake. Tulipofika kadi mbili niliweka ya ubuyu na ya soksi, akanipa ya soksi, nikampa soksi. Akanirushia usoni. Siku hiyo nilifurahi sijui nisemeje, kumbe anajua kabisa hakutaka hiyo!

Bibi yake akaja, "mwalimu, akizoea makaratasi si ndo hataongea kabisa?" Nikamwambia bibi, kadi haizuii kuongea, ila kwamba ataongea sikumuahidi, wapo wanaoongea na wapo wasioongea. Shida ya kwao ilikua nyingine, bibi anampa kila kitu kabla hajaomba, si unajua bibi na mjukuu. Tukakubaliana maandazi yakae juu ya kabati anapoyaona ila hayafikii, kadi ikae ukutani usawa wake. Siku ya nne bibi kanipigia simu saa moja usiku, amepewa kadi akiwa anasali.

Ya choo bado. Kadi anaijua, ila anakuletea kashamaliza, kaptula imelowa, anakukabidhi kama mtu aliyetimiza wajibu wake. Sasa hivi nampeleka kwa saa, baada ya uji na kabla ya mapumziko, kadi anaishika njiani, na kwenye begi natembea na kaptula mbili.