Siku ya kusoma vipimo vya kifua kikuu cha ng'ombe

Saa 11 alfajiri. Natoka Iringa mjini kungali giza, naelekea Idodi, upande wa Hifadhi ya Ruaha. Ng'ombe tuliowachoma tuberkulini, yaani protini za bakteria wa kifua kikuu, wanatimiza saa 72 asubuhi hii, na majibu husomwa wakati huo.

Saa 1 asubuhi. Joshoni mifugo imeshapangwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, daktari. Leo utatuambia nani mgonjwa?"

Kila ng'ombe ana sehemu mbili zilizonyolewa shingoni. Juu tulichoma tuberkulini ya kifua kikuu cha ndege, na chini ile ya kifua kikuu cha ng'ombe, mililita 0.1 kila moja, ndani ya ngozi yenyewe. Wengi huuliza ya ndege ni ya nini. Kwenye udongo na maji wamo bakteria wa ukoo huohuo ambao nao huvimbisha ngozi. Tusipolinganisha, tutamhukumu ng'ombe mzima.

Saa 3. Nabana mkunjo wa ngozi, napima kwa kalipa. Mtamba wa mzee: juu pameongezeka milimita 2, chini 9. Chini pakizidi juu kwa zaidi ya milimita 4, ameambukizwa. Mzee anamtazama mtamba wake, mnene, manyoya yanang'aa, hata kukohoa hakohoi. Hapa ndipo kazi yangu inakuwa nzito. Namweleza kwamba *Mycobacterium bovis*, bakteria wa ugonjwa huu, huingia kwa pumzi, ng'ombe wanapobanana zizini usiku, na ndama huupata kwa kunyonya maziwa yenye vijidudu. Kisha hukaa kwenye tezi na mapafu, pengine miaka, kabla mnyama hajaanza kukonda. Tiba ya ng'ombe hatuitoi. Atengwe, achinjwe chini ya ukaguzi.

Ng'ombe wa jirani, aliyebaki mifupa, hakuvimba popote. Mwenyewe anashangilia, mimi nina wasiwasi: ugonjwa ukikomaa kinga huchoka, na ngozi haijibu tena. Namwandika wa kuchunguzwa zaidi.

Saa 6 mchana. Mama mwenye boma analeta chai. Tunazungumzia maziwa mabichi yanayogandishwa kwa ajili ya watoto. Kuganda hakuui vijidudu vyote. Mama, chemsha kwanza, ndipo ugandishe! Mtoto akiambukizwa huweza kuvimba tezi za shingo au kuugua tumbo, na pirazinamaidi, mojawapo ya dawa za kawaida za kifua kikuu, haiwawezi bakteria hawa.

Saa 9 alasiri. Machinjioni nimeitwa na mkaguzi wa nyama. Amepasua tezi za kati ya mapafu: usaha mzito wa manjano, na kisu kinakwaruza kama kimegusa mchanga. Kwa macho tunashuku tu; sampuli inakwenda maabara kuoteshwa, na bakteria hawa huota polepole, wiki kadhaa.

Saa 2 usiku. Najaza fomu. Wenye majibu ya shaka watapimwa tena zikipita siku 42, kwa sababu ukirudia mapema ngozi huwa bado imechoshwa na sindano ya kwanza. Kesho asubuhi nampigia mzee tupange usafiri wa mtamba.