Jani la sale mlangoni pa kanisa

Baba na baba mkubwa walikuwa hawajasalimiana kwa miaka mitatu, tangu tumzike babu na mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, uanze kugombewa. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa migomba sita. Wazee wa kanisa walikwisha kuwazuia wote wawili kukaribia meza ya Bwana mpaka wapatane, na baba, aliyekuwa akiimba besi kwenye kwaya, kila ilipofika Chakula cha Bwana alitoka akasimama chini ya mparachichi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa namwona pale nje kupitia dirishani.

Wiki moja kabla ya Pasaka ya 1983, baba mkubwa alituma sale. Alilileta mjomba, jani bichi lililopigwa fundo. Kwetu Uchagani, mtu akikuletea sale kuomba radhi, huna njia ya kukataa, hata kosa liwe la damu. Baba alilipokea kwa mikono miwili, akakaa kwenye kigoda nalo mapajani, kimya, mpaka mtori wake ukapoa.

Wakataka kupatana kanisani, mbele ya watu wote, sale likiwa mkononi. Jioni mchungaji akaja na wazee wawili.

"Mzee," alimwambia baba, "hilo ndilo mnalopanda makaburini. Nikilifikisha madhabahuni leo, kesho nitaletewa pombe ya mbege ya kuwamwagia wahenga."

Hakuwa anazua. Sale tunalipanda mipakani na tunalipanda kwenye makaburi ya wazee, na wapo waliotambika Jumamosi wakaja kusali Jumapili. Yeye ndiye aliyekuwa akiwazika na kuwasikiliza, alijua.

Mzee wa kanisa mmoja, mkongwe, akamkumbusha mchungaji habari za Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro 1902, akafanya kazi hapa Old Moshi na kuondoka kwa mara ya mwisho 1938. Gutmann alishika kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyoviweka Mungu mwenyewe, na juu ya hivyo ndipo akajenga usharika. "Yule mgeni hakuuogopa ukoo wetu," alisema. "Wewe uliyezaliwa humu unaogopa jani?"

Mchungaji akajibu kwamba mgeni huona uzuri wa mila, lakini mwenyeji ndiye anayeachiwa hofu zake. Neno hilo sijalisahau. Lina ukweli.

Ndipo bibi, aliyekuwa akimenya ndizi bila kuinua kichwa, akasema: "Mchungaji, mwanangu. Wamisionari walipotafuta jina la Mungu kwa lugha yetu walichukua Ruwa. Ndilo jina tulilomwita tangu zamani, asubuhi, tukilielekea jua. Jina limeingia kanisani likatakata. Jani linashindwa na nini?"

Mchungaji hakuwa na jibu. Baada ya kitambo akatoa shauri lake: sale lipokelewe nje, kwenye ngazi za kanisa, naye atasimama hapo na kuomba. Kisha liachwe, ndugu waingie mikono mitupu.

Baba alikubali kwa sababu alichoka na ule mparachichi. Mimi niliumia, na bado naona mchungaji alikosea. Kile jani lilichofanya moyoni mwa baba, barua za baraza la wazee hazikukifanya kwa miaka mitatu.

Siku ya Pasaka mvua ilinyesha. Kwenye ngazi baba alimrudishia kaka yake sale, wakashikana, baba mkubwa akalia kwa sauti. Mchungaji akaomba, tukaingia. Sisi watoto tulikaa mabenchi ya mbele, kwa hiyo walipopiga magoti madhabahuni niliona vizuri: mfukoni mwa koti la baba mkubwa ncha ya kijani ilikuwa imechungulia.

Mchungaji naye aliiona. Mkono wenye mkate ulisimama hewani. Akamtazama baba mkubwa, akalitazama lile jani, kisha akainama: "Mwili wa Kristo, uliotolewa kwa ajili yako." Akasogea kwa baba.