Ukiagizwa kumtafuta mtu Uganda

Watu wa nyumbani Mombasa wakishajua unaishi Kampala, utaagizwa vitu viwili: gomesi, lile vazi la heshima la wanawake wa Uganda, na watu. Gomesi inapatikana. Watu ndio kazi. Wazee wetu waliofanya kazi reli na bandarini walikaa na Waganda miaka mingi, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na kila mmoja akarudi kwao. Sasa wamefika umri wa kuulizana nani bado yuko hai.

Baba alinitumia jina moja tu: Kato, wa karakana ya reli. Kato huitwa pacha wa pili wa kiume, kwa hiyo kumtafuta Kato Kampala ni kama kumtafuta Juma Mombasa. Na kama naye alizaa mapacha, majirani walishaacha kumwita Kato zamani. Ni Ssalongo, basi. Tena huku ndugu wa baba mmoja, mama mmoja, huenda wasiwe na jina hata moja la kufanana, hivyo usidhani utampata mtu kupitia jina la kaka yake.

Wengi hukimbilia NIRA, mamlaka ya vitambulisho. Usipoteze nauli. Hawakupi habari za mtu mwingine kwa sababu tu mlikuwa marafiki. Ipo sheria ya mwaka 2005 ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, lakini haki hiyo ni ya raia, sisi wageni hatumo, na hata raia hunyimwa ikiwa habari ni za siri ya mtu binafsi.

Yaliyo wazi kwa kila mtu ni mengine. Kama rafiki yako alifungua kampuni, lipa ada ya upekuzi URSB, ofisi inayosajili kampuni, upate majina ya wakurugenzi na anwani. Kabla ya uchaguzi, daftari la wapiga kura huonyeshwa vituoni, ila ni lazima uwe unajua anatoka parishi gani. Soma pia matangazo ya mirathi magazetini; inauma, lakini wengine utawakuta humo.

Atatokea kijana wa kampuni ya simu akwambie, "Nipe kitu kidogo nikutolee namba." Mkatae. Tangu sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, kupata au kutoa taarifa za mtu kinyume cha sheria kunaweza kuwagharimu nyote wawili hadi miaka 10 jela, au faini ya hadi shilingi milioni 4.8 za Uganda, au vyote pamoja. Na hata bila jela, fikiria mwenyewe: mtu usiyemjua akupigie usiku akitaja jina lako la ujanani. Mimi ningekata simu.

Kilichonisaidia hakikuwa faili. Nilimbana baba kwa maswali mpaka akakumbuka kwamba wenzake wakiletewa senene, panzi wa kuliwa, kutoka Uganda, Kato hakugusa hata mmoja, alitoka nje kabisa. Hapo nikashika njia. Huku ukoo una mwiko wa kula kile unachoitwa kwa jina lake; Mganda asiyekula senene, yaelekea ni wa ukoo wa Nsenene, na koo za Buganda zina wazee wake, ngazi kwa ngazi, wanaojua nani ni mtoto wa nani. Mzee mmoja wa ukoo huo alinisikiliza, akauliza jina la baba yangu mara mbili, kisha akasema, "Ssebo, acha barua na namba yako. Mwenyewe akitaka, atakupigia." Anwani hakunipa, na sikumlazimisha. Msalaba Mwekundu nao, wanapowatafutia watu jamaa waliopotezana nao vitani au ukimbizini, humuuliza kwanza aliyepatikana kama anataka kujulikana alipo.

Barua ilikaa kimya hadi nikaisahau. Aliyepiga alikuwa binti, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Ni habari ya mafao ya reli?" Nikamwambia hapana, mama, ni mzee wangu anataka kumsalimu mzee wako. Akacheka, akasema subiri nimuulize. Sasa wazee hao hupigiana Ijumaa baada ya swala ya baba, kwa Kiswahili cha karakana, na binti ananiambia hakuwahi kujua kwamba baba yake anaweza kutukana kwa lugha hiyo.