Mrija wa maji usioganda: nilivyoshughulikia leseni ya hataza ya serikali ya Marekani

Mfuko wa maji wa mgongoni huanza kuganda kwenye mrija. Mrija wa mita 1 wenye kipenyo cha ndani cha milimita 6 una maji mililita 28 tu, na upepo unaupiga pande zote. Kinywa cha kung'atia ndicho huziba mapema zaidi, maana kila funda huacha tone. Ndiyo maana mtu anayeondoka kambi ya Barafu kwenye Kilimanjaro (mita 4,673) usiku wa manane anaweza kufika Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, akiwa na lita 2 mgongoni asizoweza kunywa.

Maabara za Jeshi la Marekani, hasa kituo cha Natick, Massachusetts, zimeshughulikia sana vifaa vya askari wa maeneo ya baridi. Hataza za serikali ile, yaani haki za kisheria za kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake, hutolewa leseni kwa kampuni binafsi. Mimi nashona mabegi Dar es Salaam kwa ajili ya wapanda mlima, na nilitaka kutumia uvumbuzi mmoja wa aina hiyo.

Kabla ya kuandika barua yoyote, nilichukua namba ya hataza na kuiingiza Espacenet, hifadhi ya hataza ya mtandaoni, kuangalia familia yake, yaani maombi ya uvumbuzi uleule katika nchi nyingine. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea au huokolewa. Hataza ina nguvu katika nchi iliposajiliwa tu. Unatafuta herufi TZ (Tanzania), AP (ARIPO, shirika la Afrika la hataza lililoko Harare) na WO (ombi la kimataifa). Ukikuta US peke yake, na ombi la kwanza lina zaidi ya miaka mitatu, mlango wa kuisajili hapa kwa kawaida umeshafungwa, kwa sababu mwombaji ana miezi 12 ya kudai kipaumbele (ombi la nchi nyingine lihesabiwe tarehe ya lile la kwanza), au takribani miezi 30 akipitia njia ya kimataifa. Ombi jipya ni la kuogopa zaidi: hukaa miezi 18 bila kuchapishwa. Kisha thibitisha BRELA, wakala wa Tanzania wa usajili wa biashara na hataza, kwenye daftari lao. Niliyoitaka mimi ilikuwa ya Marekani tu, kwa hiyo kutengeneza na kuuza Tanzania hakukuhitaji leseni ya mtu.

Pia soma madai ya hataza, yaani sentensi zinazotaja hasa kinacholindwa; usiishie kwenye maelezo na michoro. Dai likitaja ala ya kuhifadhi joto, waya wa kupasha na kidhibiti joto kwa pamoja, mrija wenye ala pekee hauligusi dai hilo. Chora jedwali, kila kipengele na mstari wake, na uyapitie madai yote.

Soko la Marekani ni habari nyingine. Sheria yao (35 U.S.C. 209) inataka, kwa kawaida, bidhaa itakayouzwa kule kwa leseni ya serikali itengenezwe kwa sehemu kubwa kule kule. Kiwanda cha Dar hakitoshi. Kwa soko hilo niliingia mkataba na kiwanda cha huko, na ombi likakitaja wazi. Ombi lenyewe lina namba ya hataza, aina ya leseni, eneo, matumizi, idadi ya wafanyakazi, na mpango wa maendeleo wenye mtaji na muda. Mpango ndio unaoangusha wengi: "tutauza kwa watalii" hausemi lolote. Andika sampuli itakamilika lini, nani atapima, na mauzo ya kwanza ni lini, kwa sababu tarehe hizo huingia kwenye mkataba na ukizikosa leseni inaweza kufutwa.

Niliomba leseni isiyo ya kipekee, yaani ambayo wengine pia wanaweza kupewa. Ya kipekee hutangazwa kwanza, na watu hupewa angalau siku 15 kupinga. Kwa vyovyote vile serikali hubaki na haki ya kutumia uvumbuzi wake bila malipo, na wewe huwezi kumhamishia mwingine leseni bila idhini.

Kwenye mrabaha, yaani malipo kwa mwenye hataza, kumbuka kodi ya zuio ya asilimia 15 kwa malipo yanayotoka Tanzania. Mkataba ukisema mwenye hataza apokee dola 10,000 kamili, wewe unabeba takribani 11,765. Kipengele hicho kijadiliwe kabla ya kusaini.

Jambo moja huwapita wengi: kuingiza Marekani bidhaa yenye hataza kule nako ni kuvunja haki. Kwa hiyo begi la Dar lenye mfumo huo, kwa mgeni wa Kimarekani, mimi nalikodisha, siliuzi.

Begi lenyewe: mrija unapita chini ya koti, ala ya neoprini ya milimita 3, betri ya lithiamu karibu na mwili kwa sababu baridi huipunguzia nguvu. Maji ya mrija mzima yakiganda, kuyayeyusha kunahitaji takribani kilojuli 9.4, yaani wati-saa 2.6, kabla ya kuhesabu joto linalopotea. Kuzuia ni rahisi kuliko kuyeyusha: kila baada ya funda, puliza hewa mpaka maji yarudi mfukoni.

Leseni inakupa haki ya kutumia uvumbuzi. Michoro ya kiwandani na matokeo ya vipimo huombwa kwa makubaliano tofauti, na hayo yanaweza kukutana na udhibiti wao wa kusafirisha teknolojia nje, kwa hiyo uliza mapema.